KOMPYUTA KUUKUU NA KAZI ILIYOBAKI NDANI YAKE

Hotuba iliyosomwa Mkumbi mbele ya Mkutano wa Kuadhimisha Miaka Kumi ya Chama Kikuu



Tumepewa heshima ya kusema nanyi katika sikukuu hii ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, nasi twashukuru. Waliotutangulia wamekwisha kusema habari za kahawa, za mbolea na za barabara, nao wamesema vema. Sisi wa Kamati ya Elimu tumeachiwa jambo ambalo kwa kulitazama mara moja laonekana dogo, nalo ni lile rundo la kompyuta za zamani lililomo katika chumba cha nyuma cha ghala, pamoja na nyingine kama hizo zilizomo katika ofisi za vyama vya msingi, zimefunikwa kwa magunia. Yuko mtu atakaye kuzinunua kwa kilo, kama vyuma chakavu, na Bodi yapaswa kumjibu kabla ya msimu kufunguliwa. Maoni yetu ni kwamba zisiuzwe zote, nasi twaomba ruhusa ya kueleza sababu.

Kila mkulima aliyepo hapa anaijua njia ya kahawa yake. Huipeleka kituoni, hupimwa mbele ya macho yake, hupewa stakabadhi, na kilo zake huandikwa katika daftari la chama cha msingi. Kutoka hapo mzigo hushika njia yake na habari hushika njia yake, na mara nyingi mzigo hufika mbele ya habari. Katika siku zile za katikati, ambapo kahawa imekwisha ondoka na hesabu haijafika, ndipo manung'uniko huzaliwa. Huyu husema kilo zake zimepungua, yule husema jina lake limerukwa, na karani, hata akiwa mwaminifu kabisa, hana cha kuonyesha ila daftari moja lililo mbali. Wazee wetu, ambao waliona vyama vikuu vikivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, wanajua kupita sisi thamani ya daftari lisilopotea. Basi tukisema habari za mashine, twaomba daftari hilo likae mbele ya macho yetu wakati wote.

Kuunganisha ofisi zilizo mbali kwa kompyuta kuukuu hakukuanza jana, wala hakukufanyika ng'ambo peke yake. Mwaka 1984, huko San Francisco katika Marekani, Bwana Tom Jennings alitengeneza utaratibu ulioitwa FidoNet, ambao kwa huo kompyuta ndogo ziliweza kupigiana simu usiku, wakati gharama ya simu ilipokuwa ndogo, na kupeana barua. Kati ya kompyuta na waya wa simu hukaa kifaa kiitwacho modemu, ambacho kazi yake ni kugeuza alama za kompyuta ziwe milio ipitayo katika waya, na upande wa pili kuigeuza milio ile iwe alama tena. Kompyuta hukusanya barua zote za mchana, huzifunga pamoja kama furushi, na saa iliyowekwa ikifika huipigia simu kompyuta ya pili, huitua furushi lake, hupokea la mwenziwe, kisha hukata simu.

Wenzetu wa ufukweni wataelewa jambo hili pasipo maelezo mengi. Mfuko wa barua uliongojea meli Mbamba Bay au Liuli haukuhitaji meli ikae bandarini juma zima. Ulihitaji meli ipite siku yake, na awepo mtu wa kuutoa mfuko mmoja na kuupokea mwingine. Simu mbovu iliyopatikana kwa dakika tano usiku ilikuwa meli ya kutosha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyuo na taasisi za Kampala, Nairobi, Dar es Salaam, Lusaka na Harare viliunganishwa kwa njia hiyo katika mpango ulioitwa ESANET, kwa msaada wa shirika la IDRC la Kanada. Huko Makerere kituo kilichoitwa MUKLA kilitunzwa na Bwana Charles Musisi. Nairobi palikuwa na NGONET, iliyohudumia mashirika ya hiari, na mashine ya GreenNet iliyokuwa London ikiipigia simu ili kuleta barua na kuchukua nyingine. Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, kilipigiwa simu mara tatu kwa siku na kompyuta ya Chuo Kikuu cha Rhodes kule Grahamstown, mji ambao tangu mwaka 2018 waitwa Makhanda. Tuangalie vema nani alikuwa akipiga simu. Yule mwenye simu nafuu na imara ndiye aliyechukua kazi ya kupiga, na yule wa upande wenye shida alitakiwa kuiacha mashine yake ikiwaka na kungoja. Huo ndio ushirika hasa, ingawa hakuna aliyeuandikisha kwa Mrajisi.

Madaktari nao hawakubaki nyuma. Shirika la SatelLife, ambalo mwanzilishi wake alikuwa daktari wa moyo Bernard Lown, lilitumia utaratibu huohuo wa FidoNet kuzipelekea hospitali za Afrika habari za magonjwa na dawa. Mnamo Septemba 1993 likapata setilaiti yake ndogo, HealthSat-2, ambayo ilipita juu ya vituo vyake mara chache kwa siku, na kila mpito ulikuwa wa dakika chache tu. Muhimbili ilikuwa miongoni mwa vituo hivyo. Ukiacha urefu wa safari, setilaiti ile ilikuwa tarishi mwenye mfuko wa barua.

Kompyuta zilizofanya kazi hizo zilikuwa za namna ambayo leo hata mtoto wa shule ya msingi angezicheka. Hapa twapenda kukaa kidogo, maana ndani yake mna siri ya mashine kuukuu. Pale mahali modemu inapounganishwa na kompyuta palikuwa na chipu ndogo iliyopokea herufi kutoka kwenye modemu na kuishika mpaka kompyuta ije kuichukua. Chipu ya kwanza, iliyojulikana kwa namba 8250, iliweza kushika herufi moja tu. Ni kama mtu akingaye maji ya bomba kwa kikombe na kuyamimina katika pipa lililo nyuma yake. Maji yakija polepole hatapoteza tone, lakini bomba likifunguliwa kwa nguvu, akigeuka tu, maji yamekwisha mwagika. Ndivyo herufi zilivyopotea, na barua zikafika zina matundu. Chipu iliyokuja baadaye, namba 16550, iliweza kushika herufi 16 kwa pamoja, yaani kikombe kiliondolewa na ndoo ikawekwa, na kompyuta ileile ya polepole ikapokea kasi kubwa pasipo kumwaga. Fundi aliyejua hivyo hakwenda kununua kompyuta mpya. Alinunua kadi ndogo yenye chipu ile, akaipachika, akarudi kulala.

Na kasi yenyewe ilikuwaje? Modemu ya biti 2,400 kwa sekunde hupitisha herufi kama 240 kwa sekunde. Tuchukue chama cha msingi ambacho wakulima 300 wamepeleka kahawa kwa siku moja, na tuseme kila mstari wa daftari, wenye namba ya mwanachama, kilo, daraja na tarehe, una herufi 60. Jumla yake ni herufi 18,000, nazo zingepita katika waya kwa sekunde 75. Daftari zima la siku kwa dakika moja na robo, kwa mashine ambayo mnunuzi wetu wa vyuma angeitundika kwenye mizani yake.

Baadaye ikaja Linux. Mwaka 1991 kijana wa Finland, Linus Torvalds, aliitoa programu hiyo ya kuendesha kompyuta, naye aliiandika juu ya mashine ya namna ya 386. Katika miaka iliyofuata, ofisi zilipokuwa zikinunua mashine mpya, 386 na 486 zilizoachwa ziliwekewa Linux, zikapachikwa kadi yenye matundu manane au kumi na sita ya modemu, zikawa seva za kupigiwa simu. Mtu alipopiga, mashine iliitikia, ikamwuliza jina na neno la siri, kisha ikamfungulia mlango. Haikuhitaji kioo wala kipanya, na iliweza kukaa chini ya meza mwaka mzima bila kuguswa. Watunzaji wa Linux waliihudumia 386 mpaka mwaka 2012 ndipo wakaamua kuiacha, na miaka 21 ni umri mkubwa kwa mashine iliyokwisha kuitwa takataka mara nyingi.

Lakini tusidhani kwamba mashine ikiwapo kazi imekwisha. Nchi yetu ilijifunza hayo mapema. Kompyuta ya kwanza ya Serikali, iliyoitwa ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za Serikali zilizotegemea kompyuta zikaja kuharibika, hata mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ikadumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wako wasemao kwamba iliturudisha nyuma, nao wana haki. Sisi twaona pia kwamba mashine ile ilikuja mbele ya mafundi wake, na kwamba ofisi yo yote yaweza kurudia jambo hilo leo, hata kwa kompyuta moja.

Sasa twaja kwenye shauri letu. Hatusemi turudi kwenye simu za waya. Zama za modemu zile zimepita. Hata huko Marekani kampuni ya AOL, ambayo zamani mamilioni ya watu waliipigia simu kwa modemu, iliifunga huduma hiyo tarehe 30 Septemba 2025. Kinachotufaa ni utaratibu wa furushi. Twashauri mashine moja iwekwe makao makuu, iunganishwe na modemu ya siku hizi, ile ndogo kama kidole gumba itiwayo laini ya simu ya mkononi. Kila jioni, mizani ikisha fungwa, karani wa kituo atume ujumbe mfupi wenye namba ya kituo, tarehe, namba ya stakabadhi ya kwanza na ya mwisho, na jumla ya kilo. Ujumbe mmoja huchukua herufi 160, nazo zatosha na kubaki. Mashine itaupokea, itauandika, kisha itamrudishia karani namba zilezile ili azinakili katika daftari lake.

Kituo kikiwa nyuma ya mlima ambako simu haishiki, karani atapanda kilimani asubuhi yake na kutuma, furushi huvumilia. Faida yake ni kwamba stakabadhi ikirukwa au kilo zisipolingana itajulikana usiku uleule au kesho yake, wakati ambapo mkulima, karani na mzigo wangali karibu. Siku hizi habari za kasoro kama hizo hutufikia baada ya magunia kuondoka, na hapo kila mtu hana la kufanya ila kukumbuka na kushutumu.

Jambo hili nalo lilikwisha jaribiwa. Mwaka 2005 Mwingereza Ken Banks alitoa programu iliyoitwa FrontlineSMS, ambayo kwa kompyuta ya mkononi na simu iliyounganishwa nayo kwa waya iliviwezesha vikundi vya watu kupokea na kutuma ujumbe pasipo intaneti yo yote. Leo iko programu ya bure iitwayo Gammu ifanyayo kazi ya namna hiyo juu ya Linux. Isidhaniwe kwamba twataka kuuacha mfumo wa Serikali wa usimamizi wa vyama vya ushirika, uitwao MUVU, wala kwamba daftari la karatasi litaondoka. Hesabu rasmi zitakwenda zinakotakiwa kwenda. Mashine yetu ni shahidi wa jioni tu.

Yaulizwa kwa nini tusinunue mpya. Kazi hii ni ndogo mno kwa mashine mpya, na fedha za chama zina kazi nyingine. Zaidi ya hayo, tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na kwa sababu hiyo mashine nyingi zimehesabiwa kuwa zimekufa ilhali vyuma vyake ni vizima. Zikiwekewa Linux zitafanya kazi hii kwa raha. Sisi wa milima hii hatukufundishwa na mtu kutotupa: katika ngoro nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa miraba, hufunikwa udongo, na maharage hupandwa juu yake, na kile kilichoonekana magugu kikalisha shamba.

Tofauti ni kwamba nyasi huoza na kompyuta haiozi. Vioo vikubwa vya zamani vina risasi ndani yake, na betri zina sumu. Visichomwe wala visitupwe korongoni, kwa maana maji ya makorongo yetu hushuka kwa watu na hatimaye ziwani.

Katika kuchagua, twashauri kompyuta za mkononi zitangulizwe. Kompyuta ya mezani, hata bila kioo, ikila wati 50 usiku na mchana humaliza uniti 36 kwa mwezi. Ya mkononi ikila wati 20 humaliza kama 14, na ikiwa betri yake ingali hai, umeme ukikatika haizimiki papo hapo. Zichaguliwe mbili za namna moja, ili moja iwe akiba ya vipuri vya mwenzake. Kisha lifanyike jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza: ibadilishwe ile betri ndogo mfano wa sarafu iliyomo ndani. Betri hiyo ndiyo inayoiwezesha mashine kukumbuka saa na tarehe ikizimwa. Ikifa, mashine huamka ikidhani ni mwaka wa zamani, na kahawa ya Juni ikaandikwa kwa tarehe ambayo miche yake haijapandwa. Mkaguzi akiona hivyo atalikataa daftari zima, na atakuwa na haki.

Diski za zamani nazo hufa ghafula, kwa hiyo nakala ya pili itolewe kila jumamosi na kutunzwa katika jengo jingine. Mashine isifunguliwe kwa intaneti. Kazi yake ni kupokea ujumbe wa makarani wenye namba zilizoandikishwa, basi. Na awepo mtunzaji mmoja mwenye jina lililoandikwa katika muhtasari wa Bodi, pamoja na msaidizi wake, wote wawili wafundishwe pamoja, ili mmoja akiugua au akihama kazi isilale. Hao wawili ni wa lazima kuliko mashine. Ikiwa Bodi haiwezi kuwapata, basi twashauri kwa moyo mweupe kwamba rundo lote liuzwe.

Limebaki jambo la zile zitakazouzwa, nalo ni zito. Ndani ya diski zake mna majina ya wakulima, namba zao za simu, namba za akaunti za benki, na madeni yao ya pembejeo. Kufuta faili kwa njia ya kawaida ni kama kurarua ukurasa wa yaliyomo katika kitabu. Kurasa zenyewe zimo, na ajuaye kuzisoma atazisoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamdai mwenye kutunza habari za watu azilinde, nasi hatuoni kwamba kumkabidhi mnunuzi wa vyuma diski iliyojaa habari za wanachama ni kuzilinda. Kila diski ama iandikwe upya yote kwa programu ya kufutia, ama itobolewe kwa drili mbele ya mashahidi wawili, na namba yake iandikwe.

Kwa hiyo tunaleta ombi mbele ya Mkutano huu, kwamba mnunuzi aambiwe angoje siku thelathini. Katika siku hizo makatibu wa vyama vya msingi walete mashine zao makao makuu pamoja na waya zake za umeme, pasipo kufungua wala kung'oa kitu ndani, na kila moja iwe na karatasi iliyobandikwa yenye jina la chama na mwaka iliponunuliwa, kama wajulikana. Wa ufukweni waweza kuzileta kwa gari lichukualo magunia matupu. Tutazipima zote mbele ya wajumbe watatu wa wakulima, na orodha ya zinazobaki na zinazouzwa itabandikwa mlangoni mwa ghala kabla Bodi haijakaa.